Kalenda mpya ya shule: wazazi waulizwe kwa mkutano, karatasi, simu au vikao vidogo?

Bodi au kamati ya shule inapofikiria kupunguza likizo ndefu za Juni na Desemba na kuzigawa katika mwaka mzima, hatua inayofanywa haraka haraka, na ambayo baadaye huharibu mengine yote, ni ya kuwauliza wazazi. Hapa Dar es Salaam njia zinazotumika ni nne: mkutano mkuu wa wazazi, karatasi ya maoni inayobebwa na mtoto kwenda nyumbani, fomu au kura ya kwenye simu, na vikao vidogo vya makundi. Zote huleta majibu, ila haziwafikii watu wale wale.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Shule yenye miezi mitatu mkononi ianze na vikao vidogo, ifuatishe karatasi, imalize na mkutano wa mrejesho. Simu iwe ya kukumbushia. Shule yenye uwezo wa kufanya jambo moja tu ichague karatasi. Mkutano peke yake, hata ukijaza uwanja, hautoshi kubadili kalenda.

Yanayotakiwa kujulikana kabla ya kumuuliza mtu yeyote

Kwanza, nani anaamua. Shule ya serikali hufuata kalenda inayotolewa na serikali kwa nchi nzima. Kamati ya shule ya Mbagala au Tandale haiwezi kuibadilisha hata wazazi wote wakikubali. Inachoweza ni kukusanya maoni na kuyapandisha kwenye kata na halmashauri kama pendekezo. Wazazi waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Shule isiyo ya serikali nayo iandike barua kwa afisa elimu wa halmashauri yake, nakala kwa Mdhibiti Ubora wa Shule, ikiuliza inaruhusiwa kupanga nini na nini haiguswi. Jibu liwe la maandishi, na lifike kabla karatasi ya kwanza haijachapwa. Kuomba maoni ya jambo ambalo huna uwezo wa kulitekeleza ni kuwazoesha watu kupuuza barua zako.

Pili, hesabu ya siku. Wazazi wengi wakisikia kalenda ya mwaka mzima hudhani siku za masomo zinaongezwa, au kwamba ni kambi na twisheni za likizo zimerudi kwa mlango wa nyuma. Siyo hivyo. Siku za masomo ni 194 vilevile. Mwaka una siku 260 hadi 262 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ukitoa 194 zinabaki kama 66. Toa sikukuu zinazoangukia katikati ya masomo, kama Mapinduzi, Muungano, Mei Mosi, Idi na siku ya Nyerere ya Oktoba 14, na utabaki na wiki 11 hadi 12 za likizo. Hizo ndizo zinazogawanywa upya, na hakuna ya ziada.

Hapa ndipo wanaonakili mpango kutoka Marekani hukwama. Mpango unaojulikana huko ni wa siku 45 darasani na 15 nyumbani, mara nne kwa mwaka, jumla siku 180. Sisi tuna 194, hivyo mihula minne inakuwa ya siku 48 au 49. Tena kule likizo ya kiangazi hukaribia wiki kumi, kwa hiyo kuigawa ni mageuzi makubwa. Kalenda yetu ya miaka ya karibuni tayari ina mapumziko manne: wiki moja au mbili karibu na Aprili, mwezi mmoja hivi kuanzia Juni, wiki mbili hivi kuelekea Septemba, na wiki tano hivi za Desemba na Januari. Mabadiliko halisi ni kupunguza wiki moja au mbili Juni na Desemba na kuzihamishia Aprili na Septemba. Mzazi akielezwa kwa kiwango hicho hupungua hofu. Bodi nayo hupungua makuu, maana ahadi kwamba watoto hawatasahau tena masomo haiwezi kubebwa na kuhamisha wiki mbili.

Tatu, vitu visivyojadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Ukipanga mapumziko manne ya wiki tatu tatu, hakuna hata moja linalotosha likizo ya mwalimu. Ama pumziko moja libaki la wiki nne, ama mtafute walimu wa kushikilia vipindi. Halafu kuna mitihani: wa darasa la saba hufanyika Septemba, upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili huja kuanzia mwishoni mwa Oktoba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Tarehe ni za Baraza la Mitihani. Likizo ya Septemba ni bora iangukie siku za mtihani wa darasa la saba, kwa sababu madarasa siku hizo hugeuka vyumba vya mtihani. Mambo haya yasiwekwe kwenye maswali kabisa. Yaandikwe juu ya karatasi kama mipaka.

Mkutano mkuu wa wazazi

Faida yake ni wepesi. Tangazo la wiki mbili, turubai, viti, spika, na mambo yanaisha kwa saa mbili. Wazazi wanasikia maelezo yale yale kwa wakati mmoja, na mwenye swali la kweli hujibiwa mbele ya wote. Kwa kueleza jambo, hakuna njia inayoushinda. Kwa kupima maoni, ni dhaifu kuliko zote.

Angalia nani hafiki. Muuza samaki wa Feri yuko kazini tangu alfajiri. Mama mwenye meza Mabibo au Kariakoo hafungi biashara Jumamosi asubuhi, ndiyo siku ya mauzo. Jumamosi hiyohiyo Wasabato wako ibadani. Jumapili asubuhi Wakristo wengine wako kanisani. Ijumaa mchana ni msikitini. Nafasi inayobaki na inayoumiza wachache ni Jumapili saa 9 alasiri, isiwe katikati ya Ramadhani wala mvua za masika zikiwa zimeshika. Pia kuna wanaobaki nyumbani kwa makusudi: wamezoea kwamba mkutano wa shule ni mkutano wa michango. Tangazo liseme waziwazi kwamba hakuna mchango utakaojadiliwa, na kweli usijadiliwe, hata kama choo kimeharibika wiki hiyo.

Ndani ya mkutano tatizo ni kunyoosha mikono. Mzazi anayedaiwa ada hawezi kunyoosha mkono kumpinga mmiliki aliyekaa mbele yake. Wanaofuata husoma mikono ya waliotangulia. Anayehesabu hupoteza hesabu nyuma ya turubai, na waliochelewa wananyoosha bila kujua wanachopigia. Ikilazimika kupiga kura mkutanoni, iwe ya karatasi: mlangoni kila kaya ipewe karatasi moja iliyogongwa mhuri baada ya kusaini mahudhurio, kaya na siyo mzazi, la sivyo baba na mama waliokuja pamoja wanahesabiwa mara mbili na mjane mara moja.

Wasemaji wapewe dakika mbili mbili, na mwenyekiti wa mkutano asiwe mwalimu mkuu. Hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote. Mwenyekiti wa UWAWA (ushirikiano wa wazazi na walimu) au wa kamati anafaa zaidi, kwa sababu mwalimu mkuu akiongoza, kila swali huwa kama shutuma na kila jibu huwa kama utetezi.

Karatasi ya maoni

Hii ndiyo njia pekee inayoweza kuifikia kila kaya na kuacha ushahidi unaohesabika. Tuseme shule ina wanafunzi 800. Ukiondoa ndugu, kaya zinaweza kuwa kama 520. Chapa nakala 570, kwa sababu nyingine zitalowa, zitachorwa, au zitabaki ndani ya daladala. Karatasi iwe moja ya A4 pande mbili. Kwa shilingi 100 kila upande ni shilingi 114,000. Upande wa kwanza ubebe kalenda mbili zilizochorwa miezi kwa miezi, zenye tarehe kamili, ya sasa na inayopendekezwa. Tarehe kamili ndiyo roho ya kazi hii. Mzazi hawezi kusema kama likizo fupi za mara kwa mara zinamfaa. Anaweza kusema kama kuanzia Aprili 6 hadi 24 atakuwa na mtu wa kukaa na mtoto.

Upande wa pili uwe na maswali matano, yasizidi:

1. Kalenda ya sasa: inatufaa, tunaweza kuimudu, au haiwezekani kwetu?
2. Kalenda inayopendekezwa: majibu yaleyale matatu.
3. Je, una mtoto mwingine katika shule nyingine, na ni ya serikali au siyo?
4. Likizo ya wiki tatu ya Aprili, mchana mtoto atakuwa na nani? (mzazi, ndugu mkubwa, bibi au babu, dada wa kazi, jirani, peke yake)
5. Jambo moja ambalo lisiporekebishwa, kalenda hii itakushinda ni lipi?

Majibu matatu badala ya ndiyo na hapana ni kwa sababu wengi hawako kwenye ndiyo wala hapana. Wako kwenye kuimudu kwa tabu, na ukiwalazimisha wachague utapata kundi la ndiyo lisilo na uzito. Swali la tatu linaonekana dogo, lakini hapa mjini ndilo huamua. Mama mwenye mtoto wa darasa la tatu kwenu na mwingine kidato cha pili shule ya kata atakuwa na likizo mbili zisizokutana. Safari ya Desemba kwenda Moshi au Bukoba ataipanga kwa kalenda ipi? Na yule wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa akimlinda mdogo wake. Shule zinazoliruka swali hili hupata kura nzuri mwezi wa tano na utoro mwezi wa nne unaofuata.

Swali la nne linaibua jambo la masika. Likizo ndefu ya Aprili ina mantiki Dar es Salaam: ndiyo miezi ya barabara kujaa maji, na anayeishi upande wa pili wa bonde la Msimbazi anakosa shule siku nyingi tu. Lakini mtoto asiye darasani siku hizo yuko wapi? Kama yuko peke yake Jangwani au Kigogo kando ya mto, wazazi wake wana haki ya kutaka abaki shuleni. Msiwaamulie, karatasi itasema.

Utaratibu wa kugawa: itoke Alhamisi, irudi Jumanne, ili Jumamosi na Jumapili ziwepo katikati na wazazi wote wawili waione. Apewe mtoto mkubwa wa kaya, akiwa darasa la tatu kwenda juu. Kila karatasi iwe na namba ya kaya na orodha ya namba ishikwe na mtu mmoja asiye mwalimu wa darasa, ili ijulikane nani hajarudisha bila mwalimu kujua nani kajibu nini. Irudishwe ikiwa imekunjwa, kwenye sanduku lenye kufuli, siyo mezani kwa mwalimu. Ukikusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka useme unazichukua kwa ajili gani na uzitumie kwa hilo tu. Sentensi moja chini ya karatasi inatosha, na namba zisiishie kwenye kundi la matangazo ya ada.

Karatasi huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni mtoto kuijaza mwenyewe ndani ya basi la shule. Utazijua kwa mwandiko na kwa kalamu moja kwenye karatasi kumi. Ya pili ni mzazi asiyesoma vizuri au asiye na muda kumwachia dada wa kazi. Ya tatu, na mbaya zaidi, ni swali lenye jibu ndani yake. “Je, unaunga mkono kalenda bora itakayoinua ufaulu?” halihitaji kuulizwa. Wape watu watano wasiohusika na mpango waisome rasimu na wabashiri shule inataka jibu gani; wakibashiri sawa, andika upya.

Kuhusu idadi, tunapendekeza hivi: zikirudi chini ya nusu ya kaya, msiamue chochote. Zikiwa kati ya nusu na robo tatu, wapigieni simu waliobaki, mkianza na darasa au njia ya basi yenye mapengo makubwa. Kama wa njia ya Chanika hawajarudisha wakati wa Upanga wamerudisha wote, mna maoni ya Upanga. Kufungua na kuhesabu kufanywe na watu watatu: mjumbe wa kamati, mwalimu mmoja, na mtu wa nje kama mtendaji wa mtaa. Karatasi zitunzwe mwaka mzima.

Fomu na kura za simu

Hapa hatutakaa sana. Kura ya WhatsApp ni ya haraka na haina gharama, lakini inaonyesha majina ya waliopiga na wamechagua nini, kwa hiyo ni mikono ile ile ya mkutanoni. Mzazi mwenye laini mbili ana kura mbili, aliyetoka kwenye kundi kwa sababu ya ugomvi wa mchango wa zawadi hana kura, na mwenye kitochi hayumo kabisa. Fomu ya mtandaoni inaficha majina, lakini ukiruhusu mtu ajaze bila kuingia kwa akaunti, wachache wenye jazba watajaza mara nyingi; ukimlazimisha aingie, utawapoteza wengi ambao barua pepe zao zilifunguliwa na fundi simu na nywila hawaijui.

Kama lazima simu itumike, kuna njia ya kubip inayofaa kwa vitochi: namba mbili, moja ya kalenda ya sasa na moja ya mpya, mzazi anabip na kukata. Hailipiwi, na namba iliyobip mara kumi inahesabiwa mara moja. Namba zilinganishwe na rejista ya wazazi, na orodha ya simu inakiliwe kila jioni kwa sababu simu hufuta za zamani. Inafaa kupima joto la jambo, haifai kuamua. Kazi nzuri zaidi ya simu ni ujumbe mfupi wa Jumatatu jioni: “Karatasi ya kalenda irudi kesho.”

Vikao vidogo vya makundi

Hivi havikupi asilimia. Vinakupa sababu, na sababu ndizo hubadilisha rasimu. Ndiyo maana viende kwanza, wakati tarehe bado zinaweza kusogezwa. Kundi liwe la watu 8 hadi 12, dakika 60 zisizidi 75, mwendeshaji mmoja na mwandishi mmoja, wote wawili wasiwe watu ambao washiriki wanawaogopa. Kwa shule ya wanafunzi 800 vikao sita au saba vinatosha. Kila kundi lifuatwe lilipo:

Wafanyabiashara, sokoni au karibu yake, saa 9 alasiri soko likipoa. Kwao swali ni ada. Shule nyingi hutoza kwa awamu nne, na ukibadili mihula awamu zinahama nazo. Awamu inayoangukia Januari pamoja na sare na madaftari tayari inauma; wengine watakubali kalenda yoyote ilimradi awamu isogezwe wiki tatu.

Waajiriwa, jioni baada ya saa 12, au Jumapili. Hawa wana siku 28 za likizo kwa mwaka na mwajiri ndiye anayekubali zichukuliwe lini. Likizo nne za shule haziwezi kulindwa na likizo moja ya mzazi, hivyo watauliza kama shule itakuwa na mahali pa kulelea watoto siku za mapumziko na kwa bei gani. Msiende kikaoni bila jibu la hilo.

Bibi, babu na walezi wengine, asubuhi. Dar es Salaam wengi ndio wanaobaki na watoto mchana, na karatasi ya shule huwa haiandikwi kwa jina lao. Wapelekeeni kikao nyumbani kwa mmoja wao.

Walimu, na siyo mbele ya mwajiri. Mbali na zile siku 28, wapo wanaosoma Chuo Kikuu Huria na wapo wanaoitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Kalenda isiyojua tarehe zao itakuwa na madarasa bila walimu.

Walimu wa madrasa na viongozi wa makanisa ya jirani. Madrasa ina mihula na mitihani yake, na kipaimara kina mafundisho yake. Kuhusu Ramadhani, msiahidi kwamba Idi itakuwa daima ndani ya likizo: mwezi huo husogea mapema kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2026 unaangukia Februari na Machi, na ifikapo 2030 utakuwa umefika Januari na kuja tena mwisho wa Desemba. Likizo iliyofungwa tarehe moja haitaukuta.

Madereva na makondakta wa mabasi ya shule, wapishi, walinzi. Kikao cha nusu saa kinatosha. Wanaolipwa kwa mwezi wa masomo watakuambia mapema kipi kitawafanya waondoke, na mwenye basi atasema kama mkataba wake unaruhusu miezi iliyokatwakatwa.

Wanafunzi wa darasa la sita na la saba, bila walimu wao. Wanajua nani hubaki peke yake likizo, nani hupelekwa dukani.

Udhaifu wa njia hii ni uteuzi. Mwalimu akiambiwa alete wazazi kumi, ataleta kumi anaowapenda. Tumieni rejista: kwa kaya 520 chukueni kila ya 40 mpate 13, wakikosekana watatu kikao kiko palepale. Posho nayo huharibu. Nauli ya kweli na maji ya kunywa vinatosha, bahasha nene inanunua makofi. Na mwandishi aandike maneno ya watu kama walivyoyasema, bila majina, siyo muhtasari wa anachokumbuka usiku.

Ukiziweka pamoja

| | Mkutano | Karatasi | Simu | Vikao vidogo |
|---|---|---|---|---|
| Muda wa maandalizi | wiki 2 | wiki 3 hadi 4 | siku 3 | wiki 4 hadi 5 |
| Anayekosekana | wafanyabiashara, wanaodaiwa ada | asiyesoma | mwenye kitochi | wengi, kwa makusudi |
| Unachopata | uelewa wa pamoja | idadi | mwelekeo | sababu |
| Siri ya mtoa maoni | hakuna | nzuri | hafifu | ya kati |
| Kosa la kawaida | kunyoosha mikono | swali lenye jibu | kura mara mbili | wateule wa mwalimu |

Kama mpango ni wa makundi yanayopishana

Kuna aina ya pili ya kalenda ya mwaka mzima ambayo huzungumzwa zaidi pale shule inapozidiwa na idadi. Wanafunzi hugawanywa makundi manne, matatu yakiwa shuleni na moja likizo, kwa kupokezana. Shule yenye nafasi 900 inabeba 1,200. Los Angeles iliutumia mtindo huo kwa miaka mingi kwa sababu ya msongamano. Kwa jiji ambalo shule nyingi za msingi zimeishi na zamu ya asubuhi na ya mchana, wazo linavutia, maana kila mtoto anapata siku nzima.

Ulinganisho wa njia hapa unabadilika. Mkutano hauna kazi kabisa, kwa sababu hakuna kalenda moja ya kupigia kura; kuna nne, na kila mzazi anataka ile yenye Desemba. Karatasi lazima iulize mpangilio wa upendeleo wa kwanza hadi wa nne, na iahidi kwamba ndugu wa kaya moja watakuwa kundi moja. Ahadi hiyo ipimwe kwa rejista kabla haijatolewa. Vikao vya walimu navyo viwe viwili, kwa kuwa madarasa yatahamahama kila kundi linaporudi na mwalimu hatakuwa na chumba cha kudumu.

Wake County, jimbo la North Carolina, Marekani, ni mfano wa kuangalia. Mwaka 2007 bodi ya elimu ya huko ilipanga kupeleka wanafunzi kwenye shule za kalenda ya mwaka mzima kwa sababu ya ongezeko la watoto. Wazazi wakaenda mahakamani, na mahakama ya kwanza ikasema ridhaa ya mzazi inahitajika. Mahakama ya juu ya jimbo ilikuja kuipa bodi ushindi mwaka 2009. Bodi ilikuwa na mamlaka tangu mwanzo, lakini iliyalipia kwa miaka miwili ya kesi.

Mpangilio wa wiki, kwa anayelenga Januari

Anza Mei. Wiki mbili za kwanza ni za barua ya halmashauri na kuchora rasimu mbili zenye tarehe. Wiki ya 3 hadi ya 6, vikao vidogo. Zinaingia Juni, kwa hiyo kikao cha wanafunzi na cha walimu vitangulie kabla shule haijafungwa. Wiki ya 7, rekebisha rasimu kwa yaliyosemwa na andika pembeni nini kimebadilika na kwa sababu ya kundi gani. Karatasi itoke wiki ya pili baada ya kufungua shule Julai, ikae siku sita, na wiki mbili zinazofuata ziwe za kufuatilia waliokosa. Mkutano wa mrejesho uwe Agosti, na kazi yake iwe kusoma matokeo darasa kwa darasa, yakiwa yamebandikwa pia kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa serikali ya mtaa.

Kanuni ya uamuzi itangazwe kabla ya kuhesabu. Inayopendekezwa kwetu ni theluthi mbili ya kaya zilizojibu ziwe kwenye “inatufaa” au “tunaweza kuimudu”, na “haiwezekani kwetu” isifikie moja ya tano. Sharti la pili ndilo lenye meno, kwani kaya 100 kati ya 500 zinazosema haiwezekani ni wanafunzi ambao mwaka unaofuata wanaweza kuhama, wengi wao kimya kimya, bila hata kudai rejesho la ada. Matokeo yakifika theluthi mbili lakini sharti la pili likavunjika, rudini kwenye swali la tano mkatafute jambo linalojirudia. Mara nyingi ni moja au mawili: awamu ya ada, au malezi ya mchana wakati wa Aprili. Yakirekebishwa, karatasi fupi ya swali moja ipelekwe kwa kaya hizo 100 pekee kabla ya mwisho wa Septemba, ili mikataba ya mabasi na fomu za ada za mwaka mpya zichapwe zikiwa na tarehe sahihi.